Waandalizi wa Ngumi: Nguvu Yao Yatoka Wapi?

Watu wengi, wa mijini na wa mashambani, hupenda kusikia habari za mabingwa wa ngumi. Majina ya Joe Louis na Muhammad Ali yanajulikana hata na watu ambao hawajapata kuuona ulingo kwa macho yao. Lakini nyuma ya kila bingwa yuko mtu mwingine ambaye havai glavu wala hapigwi hata ngumi moja, na pengine huondoka na fedha nyingi kuliko wale wawili waliotokwa damu. Mtu huyo ni mwandalizi wa mapigano, ambaye wengi humwita promota.

Katika makala hii tutaeleza kazi ya mwandalizi ni nini, na jinsi watu wachache wa Marekani, nchi ambayo biashara hii ilistawi sana, walivyopata nguvu hata wakaweza kuamua nani apigane na nani, wapi, lini, na kwa malipo gani. Habari hii ina mafunzo kwa kila mtu atafutaye riziki kwa nguvu za mwili wake na kutia sahihi katika karatasi iliyoandikwa na mwingine.

MENEJA NA MWANDALIZI

Yafaa kwanza tuwatenganishe watu wawili ambao mara nyingi huchanganywa. Meneja ni mtu wa bondia. Kazi yake ni kumtafutia mapigano yanayomfaa na kumtetea apate malipo mazuri, naye hupewa sehemu ya malipo hayo. Mwandalizi ni mfanyabiashara. Yeye hukodi uwanja, huchapisha tikiti, hueneza habari, na huwalipa mabondia wote wawili. Fedha zikibaki, faida ni yake. Zikipungua, hasara ni yake.

Basi ni dhahiri kwamba meneja hutaka bondia alipwe zaidi, na mwandalizi hutaka kulipa kidogo. Wawili hawa ni kama muuzaji na mnunuzi sokoni. Msomaji alikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

DHAHABU DIRISHANI

Mwandalizi mkuu wa kwanza alikuwa George Lewis Rickard, aliyeitwa Tex kwa sababu alikulia katika jimbo la Texas. Alipokuwa kijana alichunga ng'ombe, kisha akawa mkuu wa polisi wa mji mdogo. Watu walipokimbilia Alaska kutafuta dhahabu, naye alikwenda huko, akapata mali na kuipoteza. Mwisho alifungua nyumba ya vileo na kamari katika Goldfield, mji wa migodi ya dhahabu katika jimbo la Nevada.

Mwaka wa 1906 wakuu wa mji huo walitaka jina la Goldfield lijulikane kote, ili wenye fedha waje kununua hisa za migodi. Rickard akashauri waandae mapigano ya kugombea ubingwa wa uzito mwepesi baina ya Joe Gans, mtu mweusi aliyekuwa bingwa, na Battling Nelson. Aliahidi malipo ya dola zipatazo 30,000, nayo ilikuwa mali nyingi mno kwa wakati ule. Wengi walidhani ni maneno matupu. Rickard hakubishana nao. Alizipanga sarafu za dhahabu dirishani ili kila apitaye azione, na magazeti yakaieneza habari hiyo nchi nzima.

Mapigano yalifanyika tarehe 3 Septemba 1906. Gans alishinda katika raundi ya 42, kwa sababu Nelson alimpiga chini ya mshipi. Lakini malipo yalikwisha kugawanywa kabla ya siku hiyo: Nelson, ambaye hakuwa bingwa, alipata fedha nyingi kuliko Gans aliyekuwa bingwa. Watu wa Gans walihitaji fedha, na watu wa Nelson walijua hivyo.

Hapo tunaona asili ya kwanza ya nguvu ya mwandalizi, nayo ni kuaminiwa kwamba fedha zipo. Bondia na meneja wake wamekwisha kudanganywa mara nyingi. Wakimpata mtu awaonyeshaye fedha kabla ya siku ya mapigano, watamwendea tena.

UGOMVI NI BIDHAA

Mwaka wa 1910 Rickard alishinda waandalizi wengine kwa kutoa ahadi ya dola 101,000 ili Jack Johnson apigane na James Jeffries. Johnson alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Jeffries alikuwa bingwa wa zamani aliyekwisha kustaafu, na wazungu wengi wa Marekani walimsihi arudi ili amwondolee Johnson ubingwa. Mapigano yalikuwa yafanywe San Francisco, lakini Gavana wa California akayakataza yalipokuwa yamebaki majuma machache tu. Rickard aliyahamishia Reno, katika Nevada, akajenga uwanja mpya upesi, tena akawa mwamuzi yeye mwenyewe. Tarehe 4 Julai Johnson alimshinda Jeffries katika raundi ya 15. Habari zilipofika katika miji mingine, wazungu wenye hasira waliwashambulia watu weusi, na watu kadha wakauawa.

Rickard alijifunza kwamba watu hawanunui tikiti ili waone ngumi tu. Hununua ili wauone mwisho wa ugomvi ambao wao wenyewe wana upande ndani yake. Mwaka wa 1921 alitumia elimu hiyo vizuri zaidi. Alimleta Georges Carpentier, Mfaransa mzuri wa sura aliyekuwa askari hodari katika Vita Kuu ya kwanza, apigane na Jack Dempsey, bingwa aliyelaumiwa na wengi kwamba alikwepa kwenda vitani, ingawa mahakama ilimwona hana hatia. Carpentier alikuwa mdogo wa mwili kuliko Dempsey, na wajuzi wa ngumi waliona atashindwa. Lakini kila Mmarekani alikuwa na neno la kusema juu ya askari na mkwepaji.

Uwanja wa mbao ulijengwa Jersey City kwa ajili ya siku hiyo moja. Tarehe 2 Julai 1921 walikuja watu zaidi ya 80,000, wanawake wengi wakiwamo, na tikiti zikaleta dola 1,789,238. Ilikuwa mara ya kwanza mapigano ya ngumi kuleta zaidi ya dola milioni moja mlangoni. Carpentier aliangushwa katika raundi ya nne, wala hakuna aliyedai fedha zake.

Mwaka wa 1920 sheria mpya ilikuwa imehalalisha ngumi katika jimbo la New York, na Rickard akakodi jumba kubwa la Madison Square Garden. Mwaka wa 1925 jumba jipya lenye jina hilo hilo lilifunguliwa kwa fedha za matajiri waliomwamini. Hiyo ndiyo asili ya pili ya nguvu: mwenye jumba ndiye mwenye mlango, na mwenye mlango ndiye aitaye watu.

Lakini mlango unaofunguliwa kwa mmoja huweza kufungwa kwa mwingine. Katika miaka hiyo alikuwako bondia mweusi, Harry Wills, ambaye wengi waliona anastahili kupigana na Dempsey kwa ubingwa. Rickard, akikumbuka machafuko ya mwaka wa 1910, hakuwa tayari kuwakutanisha. Mwaka wa 1926 watawala wa ngumi wa New York walishikilia kwamba Dempsey apigane na Wills kwanza. Rickard akayahamishia Philadelphia mapigano ya Dempsey na Gene Tunney, mbele ya watazamaji zaidi ya 120,000. Mwaka wa 1927 wawili hao walirudiana Chicago, na tikiti zikaleta dola 2,658,660. Wills alizeeka pasipo kupewa nafasi. Kwa hiyo tusipime nguvu ya mwandalizi kwa mapigano aliyoyafanya tu. Tuyapime pia yale aliyoyazuia.

Rickard alikufa Januari 1929, na jeneza lake likawekwa ndani ya Madison Square Garden, maelfu ya watu wakapita kumwaga.

SAHIHI YA JOE LOUIS

Aliyemfuata kwa ukubwa alikuwa Mike Jacobs, mtu wa New York aliyeanza maisha kwa kuuza tikiti mkononi. Alinunua tikiti za michezo kwa bei ya kawaida akaziuza kwa bei ya juu, na kwa kazi hiyo akajua nani hupenda kukaa karibu na ulingo na yuko tayari kulipa kiasi gani. Rickard alipohitaji fedha kwa mapigano ya mwaka wa 1921, Jacobs alikuwa miongoni mwa waliomsaidia.

Mwaka wa 1933 Jacobs alianzisha chama cha kuandaa ngumi kilichoitwa Twentieth Century Sporting Club, pamoja na waandishi wa magazeti ya Hearst. Waandishi hao walikuwa na hisa za siri. Maana yake ni kwamba watu walioyasifu mapigano katika magazeti walikuwa wakipata faida yalipojaa watu. Msomaji wa gazeti hakujua.

Lakini jambo lililomwinua Jacobs ni karatasi moja. Mwaka wa 1935 alifanya mapatano na Joe Louis, kijana mweusi wa Detroit ambaye mameneja wake, John Roxborough na Julian Black, walikuwa watu weusi pia. Wakati ule mabondia weusi wa uzito wa juu walikuwa bado wakinyimwa nafasi. Jacobs aliona kwamba kijana huyu atajaza viwanja, akamfungulia mlango. Wema ulikuwamo, na faida ilikuwamo.

Mwaka wa 1937 bingwa alikuwa James Braddock, naye alikuwa amefungwa kwa mapatano na Madison Square Garden apigane na Max Schmeling wa Ujerumani. Jacobs alimwendea meneja wa Braddock, akaahidi kumpa sehemu ya kumi ya faida atakayoipata katika mapigano ya ubingwa wa uzito wa juu kwa muda wa miaka kumi. Braddock akamwacha Schmeling, akapigana na Louis. Garden walikwenda mahakamani, wakashindwa. Louis akawa bingwa tarehe 22 Juni 1937, na muda si muda Garden wenyewe wakamkabidhi Jacobs kazi yote ya ngumi katika jumba lao. Mwenye sahihi ya bingwa alikuwa amemshinda mwenye jumba.

Hii ndiyo asili ya tatu, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Kila anayetaka ubingwa hana budi kumpitia bingwa, na bingwa hapatikani ila kwa mwandalizi wake. Mwandalizi humwambia mshindani, "Nitakupa nafasi, lakini ukishinda, mapigano yako yajayo yatakuwa yangu." Kwa njia hiyo bingwa ajapoanguka, mwandalizi haanguki. Hubadili bondia tu, kama mtu abadilivyo farasi njiani.

Na bondia je? Joe Louis alishika ubingwa karibu miaka kumi na miwili. Mwaka wa 1942 alipigana mara mbili akatoa malipo yake kwa mifuko ya kuwasaidia wanamaji na askari. Malipo ya mapigano yake yote yalipita dola milioni nne. Lakini alikopa mara kwa mara kwa Jacobs, alikuwa mkarimu kupita kiasi, na kodi zake hazikuwekwa sawa. Alipozeeka alikuwa akidaiwa na serikali zaidi ya dola milioni moja, riba zikiwamo, akaishia kupata kazi ya kuwakaribisha wageni katika hoteli ya kamari ya Las Vegas. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

SERIKALI YAINGIA KATI

Jacobs alipougua mwishoni mwa mwaka wa 1946, nafasi yake ilichukuliwa baadaye na James Norris, tajiri mwana wa tajiri. Norris na mwenzake Arthur Wirtz walikuwa na majumba makubwa ya michezo Chicago, Detroit na St. Louis. Mwaka wa 1949 Louis alistaafu, akawapa kwa malipo mapatano aliyokuwa ameyafanya na mabondia wanne wa mbele waliostahili kugombea ubingwa. Hivyo Norris alipata kwa siku moja majumba na sahihi pamoja. Kisha ikaja televisheni: makampuni ya biashara yalilipa ili ngumi zionyeshwe kila juma, na matangazo yao yawe kati ya raundi na raundi.

Katika muda wa miaka minne, tangu 1949 hata 1953, Norris na wenzake waliandaa mapigano 36 kati ya 44 ya ubingwa yaliyofanywa Marekani. Bondia aliyewakataa hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Serikali iliwashitaki kwa kuvunja sheria izuiayo mtu mmoja kushika biashara yote, na Januari 1959 Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha kwamba chama chao kivunjwe. Mhalifu aliyejulikana kwa jina la Frankie Carbo, ambaye kwa siri aliwatawala mabondia na mameneja wengi wa wakati huo, alifungwa miaka 25 mwaka wa 1961.

USIKU WA KINSHASA

Wengine walikuja baada yao. Bob Arum alikuwa wakili wa serikali. Mwaka wa 1962 alisimamia kuzuiliwa kwa fedha za mapigano ya Floyd Patterson na Sonny Liston kwa ajili ya kodi, na hapo akaona jinsi fedha za ngumi ziendavyo. Mwaka wa 1966 akawa mwandalizi wa Muhammad Ali.

Don King, mtu mweusi wa Cleveland, alitoka mahali pengine kabisa. Alikuwa mwendesha kamari, akafungwa karibu miaka minne kwa kuua mtu, akatoka mwaka wa 1971. Miaka mitatu tu baadaye alikuwa ameshika mapigano makubwa kuliko yote ya zama zake.

Alifanyaje? Hakuwa na jumba wala dhahabu. Alikuwa na ulimi. Alimwendea Ali, akamwendea George Foreman, akawaambia kwamba wao ni watu weusi, naye ni mtu mweusi, na yafaa wafanye jambo hili pamoja. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni tano. Walipokubali ndipo King na wenzake wakatafuta mtu wa kulipa, na aliyekubali ni serikali ya Rais Mobutu wa Zaire, nchi iitwayo sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mobutu, kama wakuu wa Goldfield mwaka wa 1906, alitaka jina la nchi yake lijulikane.

Mapigano yalifanywa Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi alfajiri. Saa hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya watu wa Kinshasa, bali kwa ajili ya Wamarekani, ambao kwao ilikuwa bado usiku wa jana, nao walikuwa wamelipa kutazama katika majumba ya sinema. Ali alimwangusha Foreman katika raundi ya nane. Mwenye tikiti za mbali alikuwa amekwisha kuwa mkubwa kuliko aliyeketi uwanjani.

Baadaye Ali alimshitaki King kwa kumpunjia zaidi ya dola milioni moja, kisha akaiacha kesi kwa kulipwa dola 50,000. Tim Witherspoon, bingwa wa uzito wa juu katika miaka ya 1980, alikuwa na meneja aliyekuwa mwana wa Don King. Hapo ndipo tunapolirudia lile neno la muuzaji na mnunuzi. Mtu aliyepaswa kumtetea bondia mbele ya mwandalizi alikuwa mtoto wa mwandalizi huyo. Witherspoon naye alikwenda mahakamani, na kesi ikaisha kwa kulipwa fedha.

Kwa sababu ya mambo kama hayo Marekani ilitunga sheria mwaka wa 2000, ikaipa jina la Muhammad Ali. Sheria hiyo yakataza meneja kuwa na faida katika biashara ya mwandalizi, yamlazimu mwandalizi kumwonyesha bondia fedha alizozipata kwa mapigano yake, na yaweka mpaka wa mwaka mmoja kwa mapatano ambayo mshindani hulazimishwa kuyatia sahihi ili apate nafasi.

MAFUNZO KWETU

Tukikusanya habari hizi twaona mambo matano yampayo mwandalizi nguvu: kuaminiwa kwamba fedha zipo; kushika mahali pa kupigania; kushika sahihi ya bingwa; kujua ugomvi ambao watu wataulipia; na kushika njia ya kuwafikishia habari na picha watu walio mbali. Aliye na moja ni mwandalizi. Aliye na matatu ni mkubwa. Aliye nayo yote humlazimu serikali kumtazama.

Hatusemi kwamba mwandalizi ni mtu mbaya. Pasipo Jacobs huenda Louis asingalipata nafasi. Mwandalizi huhatarisha mali yake, na wengi wamefilisika. Lakini bondia huhatarisha zaidi. Robert Wangila, Mkenya wa kwanza kupata nishani ya dhahabu ya ngumi katika Michezo ya Olimpiki, mwaka wa 1988, alikwenda Marekani kupigana kwa malipo, akafa Julai 1994 kwa majeraha aliyoyapata ulingoni Las Vegas. Mali iliyopotea huweza kutafutwa tena.

Kwa hiyo kijana aombwaye kutia sahihi, iwe ni kwa ngumi, kwa mpira, kwa kuimba, au kwa kazi nyingine yoyote, na aulize maswali manne kabla ya kushika kalamu. Mapatano haya yataisha lini? Nani atashika daftari, nami nitaruhusiwa kulisoma? Anayenitetea analipwa na nani? Na nikishinda, nitakuwa huru au nitakuwa mali ya mtu? Asipojibiwa waziwazi, na aiache karatasi mezani, aende akatafute mtu mwaminifu wa kumsomea.